Kinu cha Shaba cha Ghorofa ya Nne

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo saa hii, jikoni, karakanani, au kitandani mkiugulia mafua ya majira haya, sogezeni redio karibu. Hapa ni Ruse, Bulgaria. Ukungu umepanda kutoka mto Danubi, na kwenye dirisha la studio sioni hata barabara. Ni mimi, Ognyan wenu. Leo sina wimbo wa kufungulia. Nina kinu cha shaba mezani, mchi wake uko ndani, na nimekisogeza mbali na kipaza sauti ili kisiseme kabla ya zamu yake.

Leo tunamkumbuka Rawya Shalabi. Rawya Shalabi, mzaliwa wa Dumyat, Misri, pale Nili inapoingia baharini. Alikuwa mwanafunzi hapa kwetu miaka mitano, akisomea mitambo ya kilimo. Amefariki kwao Dumyat akiwa na miaka thelathini na tisa. Leo ni arobaini yake. Kwao leo wanasoma dua na kulisha watu. Kwetu arobaini ya marehemu huchemshiwa ngano, ikatiwa sukari na njugu za kusaga. Mke wangu ameichemsha tangu asubuhi, na bakuli liko hapa studio. Fundi mitambo wetu ameshaonja mara mbili akidhani simwoni.

Nilikutana naye kwenye ngazi. Lifti ya jengo letu ilikuwa imekufa, kama ilivyo desturi yake kila vuli. Msichana mmoja mwembamba, amevaa sweta jepesi, alikuwa akiburuta sanduku ngazi baada ya ngazi, na kila ngazi sanduku lilitoa mlio wa kengele nzito. Nikalishika upande wa pili. Bega nusura ling'oke.

"Dada, umebeba nini humu, injini?"

"Mama yangu," akasema.

Tulipofika ghorofa ya nne akalifungua palepale mlangoni, nadhani ili nisije nikaita polisi. Hakukuwa na koti hata moja. Kulikuwa na dengu, kanzu nyeupe ya kulalia, kopo la jibini, na katikati, kimeviringishwa taulo, kinu hiki.

"Nilimwambia mama, huko ninakokwenda kuna theluji, niwekee koti," akasema. "Akaniambia, koti utanunua popote, kinu utanunua wapi?"

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Sisi tulikaa ghorofa ya tatu, chini yake kabisa: mimi, mke wangu Desislava, na mama mkwe wangu, Bibi Stamena. Mliomjua Bibi Stamena mnajua hakuwa mtu wa kuchezewa. Alinipenda, Mungu amrehemu, ila upendo huo aliuficha vizuri sana.

Wiki ya kwanza Rawya alishuka kutualika chai. Nanyi mnajua, wasikilizaji wapendwa, kwetu chai hunywewa na mgonjwa. Bibi Stamena akashtuka, akajitanda shali, akapanda juu na asali na kipimajoto.

"Nani anaumwa?" akauliza mlangoni.

"Hakuna, Bibi. Ni chai tu."

"Sasa chai ya nini?"

Akakaa, akanywa gilasi tatu zenye sukari ya kusimamisha kijiko. Akashuka akatuambia kwamba yule binti ni mzima, ila kwa sukari ile atakuja kuupata ugonjwa.

Siku hiyohiyo likatokea jambo la sufuria. Bibi aliisifu sufuria ya Rawya. Sasa, kwa Wamisri, mgeni akisifu kitu chako humwambia, chukua, ni chako. Naye mgeni hujibu, la, kibaki kwa mwenyewe. Mnasukumana hivyo mara mbili tatu, sufuria inabaki mahali pake, na heshima imekamilika pande zote. Bibi Stamena hakuwa na habari. Aliambiwa chukua, akachukua. Alishuka ngazi nayo kwapani, akimsifu yule binti kwa ukarimu. Rawya alipika makaroni kwenye birika kwa siku kadhaa na hakusema neno.

Ndivyo Misri ilivyoingia katika jengo letu. Haikuja kwa mihadhara. Ilishuka ngazi kwa harufu ya kitunguu saumu na giligilani. Siku za Ijumaa alikaanga bajia za kunde mbichi, watu wakawa wanapanda ngazi polepole kuliko kawaida. Alipotuletea wali, dengu na makaroni katika sahani moja, Bibi alilitazama bakuli kwa huruma.

"Maskini," akasema. "Ameshindwa kuchagua."

Rawya alijua kutania, na alianza na watu wa kwao. Wamisri wengine huwacheka watu wa Dumyat kwa ubahili. Basi tukipanda kwake jioni, hutuuliza kwa uso mkavu, "Niwapakulie, au mtalala wepesi?" Kisha anapakua mpaka sahani inafurika. Na majira ya baridi ya kwanza alianika ile kanzu yake nyeupe kwenye roshani, ikaganda usiku kucha ikasimama imepanua mikono. Asubuhi Bibi Stamena akamwita kwa sauti ya jengo zima kumsikia.

"Rawya! Mwanamume gani huyo roshani kwako?"

"Ni baridi yenu, Bibi. Imekuja kuniposa."

Lakini vita kubwa ilikuwa ya jibini. Mnajua tunavyoringia jibini yetu. Na Dumyat, wasikilizaji wapendwa, nao wana jibini nyeupe yao, Misri nzima inaijua kwa jina la mji wao. Wale wawili walipelekeana visahani juu na chini kama mabalozi. Bibi alionja ya Rawya, akasema ni nzuri kwa kuzibia dirisha. Rawya alionja ya Bibi, akasema sasa ameelewa kwa nini watu wa hapa hunywa rakia, pombe ile kali. Hakuna aliyekubali kushindwa. Naamini walikuwa wakipendana kwa njia hiyo.

Desislava alipokuwa mjamzito, asubuhi nyingi alikaa roshani kwetu akitafuna mbegu za alizeti, na Rawya juu kwake akitafuna zake. Siku za ukungu kama leo roshani ya juu haikuonekana. Maganda tu yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye weupe ule, na sauti.

"Mama Kalina, uko huko chini?"

"Niko. Usiniite hivyo, hajazaliwa bado."

"Anasikia. Acha ajue jina lake."

Kisha anamsimulia Dumyat. Mji wa maseremala. Alisema alfajiri mtaa wao hujaa vumbi la mbao, na jua likipita katika vumbi lile unadhani hewa imepakwa dhahabu. Alisema makochi hutolewa barabarani yakisubiri rangi, na majirani wote huketi juu yake wakinywa chai, mtaa mzima umekaa kwenye makochi ya watu wengine, na wanunuzi wakija hawaondoki mpaka nao wamekaa. Desislava alisikiliza amefumba macho. Mimi nilikuwa naondoka kuja kazini, nasimama kidogo na viatu mkononi, nikiona kabisa kochi jekundu linaelea juu ya Danubi.

Kalina alizaliwa majira ya baridi ya pili ya Rawya hapa Ruse. Na Bibi Stamena akafunga mlango, kama walivyofunga mama zake kabla yake. Mzazi na mtoto hawatoki nje mpaka arobaini iishe. Mgeni haingii. Uzi mwekundu kifundoni, kitunguu saumu chini ya mto, na kelele marufuku. Tulivaa ndara za manyoya. Tulizima kengele ya mlango. Mimi, mtu ninayelipwa kwa kusema, nikawa nanong'ona nyumbani kwangu.

Na mtoto alikuwa mtulivu wa ajabu. Mlango ukipigwa na upepo, amelala. Sufuria ikianguka, amelala. Bibi alijisifu kwa simu kwa ndugu zake wote. "Hamjaona mtoto kama huyu," alinong'ona. "Malaika. Hashtuki na lolote."

Siku ya saba Rawya aligonga mlango kwa kucha. Alikuwa amevaa gauni lake la sikukuu, na amekumbatia kinu.

"Bibi, leo ni siku ya saba."

"Kuhesabu najua."

"Kwetu mtoto akifika siku ya saba hupigiwa kinu. Ayazoee makelele ya dunia."

"Kwetu mtoto akifika siku ya saba huachwa alale. Arobaini haijaisha. Mgeni haingii."

"Mimi mgeni, Bibi? Sufuria yangu iko jikoni kwako tangu mwaka juzi."

Bibi Stamena alimtazama. Ndipo nadhani alipoijua habari ya sufuria, maana masikio yalimwiva. Akasogea pembeni.

Basi tukafanya kama wanavyofanya Dumyat. Bibi alitoa chekeche lake la unga, tukatandika shali ndani, tukamlaza Kalina. Chumvi ikanyunyizwa sakafuni. Desislava akamruka mtoto mara saba, akicheka kwa mara ya kwanza tangu ajifungue, akishika mgongo. Nje theluji ilikuwa ikianguka, na chumba kilikuwa na mwanga ule mweupe usiotoka mahali popote. Rawya akapiga magoti, akakiweka kinu karibu na sikio la mtoto.

"Msikilize mama yako," akasema, akapiga. Shaba ikalia.

"Usimsikilize baba yako." Akapiga tena. Hivyo ndivyo wasemavyo kwao, na hapo wanawake wote hucheka. Hata Bibi alicheka. Kisha Rawya akanitazama, akaniona nimesimama kama mwanafunzi aliyenyimwa daftari, akaongeza la kwake mwenyewe.

"Haya, na baba yako msikilize kidogo. Maskini, mji mzima unamsikiliza, asikose msikilizaji nyumbani kwake."

Akapiga kwa nguvu. Njiwa wakaruka kutoka roshani. Jirani wa chini akagonga bomba kwa hasira. Vioo vya kabati vikatetemeka.

Kalina alikuwa amelala.

"Mnaona?" akasema Bibi Stamena. "Malaika."

Rawya hakucheka. Alizunguka, akaenda upande wa pili wa chekeche, akapiga. Akarudi nyuma ya kichwa, akapiga. Alimtazama mtoto kope, si mdomo. Baadaye akatabasamu, akatupongeza, akambusu Desislava, akasema ana mtihani, akapanda kwake. Kinu alikisahau sakafuni kwetu, na Rawya hakuwa mtu wa kusahau kinu.

Yaliyofuata nimeyapata kwa kaka yake, Hamdi, niliyezungumza naye juzi kwa simu. Hamdi alikuwepo jioni ile Rawya alipompigia mama yao, yule tunayemwita Mama Hamdi.

"Mama," Rawya alisema, "kuna mtoto ambaye hakushtuka akaruka kinu kilipopigwa?"

"Watoto wote huruka. Wewe uliruka ukapindua chekeche."

"Huyu hakuruka. Nimepiga pande zote."

Hamdi anasema mama yao alihamishia simu sikio la pili. Kisha akasema, "Basi waambie."

"Watasema ni mimi niliyemziba masikio na kinu chetu. Watanifukuza, mama. Hapa sina watu wengine. Ni hao tu."

Na Mama Hamdi akamjibu maneno ambayo Hamdi aliyarudia kwangu polepole, ili nisiyakosee: "Kwa hiyo wewe upendwe, na mtoto asijulikane?"

Wasikilizaji wapendwa, fikirini. Binti wa miaka ishirini, nchi ya ugenini, katikati ya theluji. Ana nyumba moja tu ambako anaitwa kwa jina lake na kugombezwa kama mtoto wa humo. Akisema, nyumba hiyo inaweza kumfungia mlango. Akinyamaza, ataendelea kula nasi kila Jumapili. Asubuhi alishuka. Alikaa jikoni kwetu, hakugusa kahawa.

"Kaka Ognyan, Mama Kalina," akasema. "Bibi. Nadhani mtoto hasikii."

Nilichukua mfuniko wa sufuria, ileile, nikaenda nyuma ya kitanda cha mtoto, nikauachia uanguke. Mlio wake hata leo ninao. Kalina alikuwa macho, anatazama pazia. Hakupepesa. Nikakaa sakafuni kando ya mfuniko.

Desislava alianza kulia. Bibi Stamena hakulia. Alisimama.

"Jana alikuwa mzima," akasema. "Jana alikuwa mzima, ukaja na chuma chako ukampigia sikioni. Nilikukataza. Nilikwambia arobaini haijaisha."

"Bibi yangu, hakuwa akisikia hata kabla ya—"

"Mimi si bibi yako. Toka. Na usikanyage hapa."

Rawya alitoka. Hakujitetea zaidi. Na sisi tungesema nini? Kabla ya siku ile hakuna aliyempima mtoto. Mimi na Desislava moyoni tuliamini Rawya amesema kweli, lakini Bibi alikuwa na huzuni kubwa kuliko chumba, na huzuni ikiwa kubwa hivyo hutafuta mtu wa kumkalia.

Wiki zile zilikuwa za kimya. Roshani ya juu haikuwa na sauti. Hata kanzu hakuianika. Nilisikia tu, mara mojamoja, nyayo zake zikipita dari taratibu sana, bila viatu, kana kwamba bado anaogopa kumwamsha mtoto ambaye yeye peke yake alijua haamki kwa mlio. Desislava alikuwa akikaa roshani na mbegu zake mkononi, anatazama juu, bila kuzitafuna.

Tulimpeleka Kalina Sofia miti ilipoanza kuchanua. Daktari alikuwa mama mmoja mpole, mwenye mikono ya baridi. Alimpima kwa muda mrefu. Akatuambia mtoto amezaliwa hivyo. Bibi Stamena alikuwa amekuja nasi, amekaa kwenye kiti karibu na mlango, mkoba mapajani.

"Na akipigiwa shaba sikioni?" akauliza. "Siku ya saba?"

"Hilo halifanyi hivi, mama. Kuna aliyempigia shaba?"

"Yupo."

"Basi mshukuruni. Wengi huniletea watoto wakishafika miaka miwili, mitatu, wanasema, anachelewa kuongea tu. Miaka hiyo yote mtoto amekaa bila lugha. Ninyi mmewahi."

Njia nzima ya kurudi, kwenye treni, Bibi alikuwa ameukumbatia mkoba wake. Tulipofika nyumbani hakuvua koti. Aliingia jikoni. Alikata pande kubwa la jibini yetu, akaliweka kwenye sahani ya harusi yake, akachukua na ile sufuria. Akapanda ngazi, na magoti yake yale. Nilimfuata nyuma, ngazi chache chini, maana niliogopa ataanguka.

Rawya alifungua mlango.

"Nimekuletea sufuria yako," akasema Bibi.

"Ni yako, Bibi. Nilikupa."

"Chukua."

"La, ibaki kwako."

"Chukua, nimesema."

Wakasukumana mara mbili tatu, kama inavyotakiwa. Kisha Bibi Stamena akatazama pembeni, akasema kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, "Na ile jibini yenu. Nilishaionja vizuri. Si mbaya."

Wasikilizaji wapendwa, niliishi na mwanamke yule miaka mingi. Sikumsikia akimwomba mtu radhi kabla ya siku hiyo wala baada yake. Rawya alimkumbatia mlangoni palepale, sufuria ikiwa katikati yao, wakalia wote wawili.

Rawya alishuka nasi. Kinu kilikuwa bado pale alipokiacha, hakuna aliyekigusa. Alikaa sakafuni, akamweka Kalina mapajani, akachukua kiganja chake kidogo akakibandika ubavuni mwa shaba. Kisha akagusa kwa mchi, taratibu. Macho ya mtoto yakafunguka yote. Akagusa tena. Kalina akacheka. Hakuwa amewahi kucheka kwa sauti, na hicho ndicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza.

"Haya, kaka Ognyan," Rawya akaniambia, "kesho ukiwa kazini, tutaweka mkono wake kwenye redio."

Ndivyo nilivyopata msikilizaji wangu. Redio yetu ilikuwa ya zamani, ya mbao, ina kitambaa mbele. Kila alasiri Desislava au Rawya alimshikilia Kalina mbele yake, viganja viwili juu ya kitambaa. Waliniambia kwamba nikisoma habari alitulia, na nikicheka naye alicheka. Basi mkijiuliza kwa nini mtangazaji wenu wa miaka ile alikuwa akichekacheka ovyo hata kwenye bei za ngano, sababu ni hiyo.

Kalina alipewa vifaa vya masikioni, vikamsaidia kidogo. Lugha yake ikawa ya mikono. Kwa kuwa tulijua mapema, tulijifunza mapema: mimi, mama yake, Rawya, na Bibi Stamena na vidole vyake vya baridi yabisi. Neno la kwanza la Bibi kwa mikono lilikuwa jibini. Rawya alimwuliza, ya wapi? Bibi akaificha mikono chini ya shali.

Rawya alipomaliza masomo alifunga lile sanduku. Kalina alikuwa na miaka mitatu. Alikuja akakipapasa kinu, akasema kwa mikono, kizuri. Rawya akamjibu kwa mikono, chukua, ni chako. Mimi nikaingilia, maana sasa nilishajua desturi. Nikasema, la, kibaki kwa mwenyewe. Rawya akanitazama.

"Kaka, safari hii chukueni tu."

Hamdi anasema dada yake alipofika Dumyat bila kinu, mama yao alinuna. Kilikuwa cha bibi yake. Alinuna mpaka ilipofika picha ya Kalina amekikumbatia. Mama Hamdi akaitazama, akasema, "Basi. Kinu kimeolewa ugenini." Akaitundika ukutani pamoja na picha za harusi.

Huko Dumyat, Rawya Shalabi akawa mwalimu wa mitambo katika shule ya ufundi. Mtaa ukipata mtoto, yeye ndiye aliyeitwa kupiga kinu siku ya saba. Hamdi anasema watu walimtania kwamba anampigia mtoto huku anamkagua kama injini. Lakini zipo nyumba mtaani kwao ambazo aliinama akamnong'oneza mama, mpeleke akapimwe, usiogope. Tena siku hizo, anasema Hamdi, hakusubiri kujiuliza kama watamchukia.

Kiangazi kilichopita Kalina alikwenda kumtembelea. Aliketi kwenye kochi barabarani, akanywa chai. Akatutumia picha, akaandika: Baba, huku mtaa unasikika kwa miguu. Misumeno yote inapanda kwenye nyayo. Rawya alikaa kando yake katika picha, mwenye miwani, amenenepa kidogo, anacheka na mtu asiyeonekana. Moyo wake ulisimama asubuhi moja ya majira haya ya baridi, akiwa anajifunga mtandio aende shuleni. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Nasema tena, thelathini na tisa, kwa sababu mimi mwenyewe bado sijaizoea.

Mama Hamdi, najua Hamdi amekushikia simu sikioni na anakutafsiria. Poleni sana. Poleni ninyi, na mtaa wenu, na wanafunzi wake. Kwenu mnasema, umri uliobaki wa marehemu uongezwe kwa walio hai. Kwetu tunasema, udongo uwe mwepesi juu yake. Tunawaombea yote mawili.

Na ninyi wa Ruse, nina neno moja tu kwenu. Tulikuwa na mtoto tukamsifu kwa utulivu wake, jengo zima, mpaka akaja mtu wa mbali na mchi mkononi. Hebu mtazameni leo yule mtulivu wa nyumbani kwenu, mtoto, mzee, mume, yeyote mnayemsifu kwamba hasumbui. Mtazameni kope, si mdomo.

Nilisema kinu kina zamu yake. Sikuwaambia ni nani atakayekipiga. Kalina amekaa hapa mbele yangu tangu nianze. Amekuja kwa treni ya asubuhi kutoka Sofia, anakosoma. Kiganja chake kiko juu ya meza hii, karibu na mkono wangu, na huko ndiko alikokuwa akinisikilizia muda wote huu. Rawya alimwambia, baba yako msikilize kidogo. Amenisikiliza miaka kumi na tisa.

Atapiga mara saba. Sogeeni, wasikilizaji wapendwa, mweke kiganja juu ya redio, muupokee mlio kama anavyoupokea yeye. Mama Hamdi, nawe weka wako juu ya simu. Ningependa kuongeza maneno machache, lakini binti yangu ameshika mchi, ameweka kidole mdomoni, ananiambia, baba, inatosha, waache wasikie.